Kazi ya Saa Chache kwa Mwajiri Mkali: Mwongozo Kamili kwa Keshia wa Jioni na Wikiendi

Kanuni za supamaketi kubwa huandikwa na mtu anayemfikiria mfanyakazi wa mwezi mzima. Huyo yupo kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi, anapita mbele ya ubao wa matangazo kila siku, na anamjua kila supavaiza na hasira zake. Wewe unayeingia Alhamisi na Ijumaa jioni, kisha Jumamosi na Jumapili, umesainishwa kanuni zile zile na utaadhibiwa kwa kipimo kile kile, ila kanuni inapobadilishwa Jumanne uko darasani. Wengi wa saa chache huumia hapo. Ukali wenyewe haunisumbui. Nimesimamia zamu za makeshia Dar es Salaam, na naamini mwajiri mwenye kanuni zilizoandikwa ni afadhali mara kumi kuliko bosi anayeamua kwa kukutazama usoni, maana kilichoandikwa kinamfunga na yeye.

Nitamzungumzia keshia wa Tanzania Bara, lakini mhudumu wa hoteli, wa kituo cha simu au wa duka la dawa atabadilisha majina ya vitu tu. Sheria inayotajwa humu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pamoja na Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Namba 42. Zanzibar ina sheria yake.

Hatua ya 1: Kabla hujasaini

Kwanza jua nani anakuajiri. Nembo kwenye fulana inaweza kuwa ya duka, huku anayelipa mshahara ni wakala. Soma jina lililo juu ya mkataba na jina la anayesaini chini. Yasipofanana na la duka, uliza siku hiyo hiyo: malalamiko nampelekea nani, mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) unaingizwa na nani, na nikiumia kazini nani anaandika taarifa?

Pili, omba kitabu cha kanuni upewe pamoja na mkataba. Usikubali kuambiwa utakikuta ofisini. Mikataba mingi ina sentensi moja ndogo inayosema umesoma na kukubali kanuni zote za kampuni. Ukisaini bila kukiona, umekiri kitu usichokijua. Ukikosa nakala ya kwenda nayo nyumbani, omba ukisome hapo hapo na uandike tarehe uliyokisoma kando ya saini yako. Kama kimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, mwombe afisa utumishi akufafanulie. Huombi fadhila: sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake anaelezwa kwa namna atakayoielewa.

Sheria haimtengi mfanyakazi wa saa chache kwenye kundi la peke yake. Wewe ni mwajiriwa, na unastahili maelezo ya maandishi: kazi yako, mahali pa kazi, saa, malipo na namna yanavyokokotolewa. Asiyekupa hayo anajitia kitanzi, kwa sababu mkifikishana mbele na akashindwa kuonyesha mkataba, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake.

Katika mkataba wa saa chache, tafuta mambo manne ambayo kwa mtu wa mwezi mzima hayana uzito sana:

- Saa za chini kwa wiki. "Hadi saa 20" maana yake inaweza kuwa saa 6. Omba iandikwe "si chini ya saa 16" au idadi yoyote mtakayokubaliana.
- Ziada inaanzia wapi. Sheria inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na inataka saa ya ziada, inayofanywa kwa makubaliano, ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Wewe mwenye saa 20 ukifanya 26, je, hizo 6 ni ziada au ni saa za kawaida? Mkataba usiposema, mtabishana kila mwisho wa mwezi. Lisemwe mapema.
- Siku usizoweza kabisa. Kama una vipindi Jumatatu hadi Jumatano, ziandikwe. Ahadi ya mdomo ya meneja huondoka na meneja akihamishwa tawi.
- Wiki za mitihani. Weka kipengele cha kupunguziwa saa bila kuhesabiwa utoro, mradi ratiba ya chuo umeiwasilisha mapema.

Hilo la nne watu huona aibu kuliomba siku ya kwanza. Liombe. Anayelikataa siku ya usaili hatalikubali Juni wakati wa mitihani, na ni heri ujue sasa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pesa yako mwenyewe

Kupata malipo ya saa moja kutoka mshahara wa mwezi, gawa kwa 4.333 (wastani wa wiki katika mwezi) kisha gawa kwa 45. Tuseme keshia wa muda wote hapo analipwa shilingi 450,000. Saa moja inakuwa kama shilingi 2,308, na mwenye saa 20 kwa wiki anatakiwa kuona kama shilingi 200,000 kwa mwezi. Kama wewe umeahidiwa 140,000 kwa saa hizo hizo na kazi hiyo hiyo, uliza sababu, kisha linganisha na Amri ya Mishahara ya sekta yako, ambayo hutaja kima cha chini hadi cha saa.

Kazi ya usiku kisheria huanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ndani ya muda huo ina nyongeza ya asilimia 5. Ukifunga duka saa 4 usiku siku nne kwa wiki, unazo saa 8 za usiku. Kwa mfano wetu hiyo ni kama shilingi 4,000 kwa mwezi. Ni ndogo, ndiyo maana husahaulika, na ndiyo maana uidai.

Makato: mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata zaidi ya nusu yake, yaani asilimia 10. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni wa mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye makato yako, uulizie. Kodi ya mshahara haianzi mpaka kipato kinachotozwa kizidi shilingi 270,000 kwa mwezi. Lakini wenye ajira mbili wasikilize: ajira ya pili haipati nafuu hiyo, inakatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Kwa hiyo amua ipi ni ajira yako kuu na uwaarifu waajiri wote wawili. Angalia pia kama kitabu cha kanuni kinakataza kazi nyingine. Kwa mtu anayekupa saa 20 tu, katazo la jumla ni la kulijadili. La kutofanya kazi kwa mshindani wake lina mantiki.

Hatua ya 3: Tenga kanuni za kuonywa na kanuni za kufukuzwa

Kitabu kinaweza kuwa na kurasa arobaini, ila zinazomtoa mtu kazini siku moja ni chache. Zipigie mstari. Kwenye kaunta, karibu zote zinahusu uaminifu, na nyingine hazionekani kama wizi kwa mtu mgeni.

Kadi ya pointi ndiyo mtego wa kwanza. Mteja hana kadi, wewe unachanja ya kwako au ya dada yako ili pointi "zisipotee". Kwa mwajiri hiyo ni kujipatia mali kwa udanganyifu, na mfumo unaonyesha kadi moja ikitumika mara kumi na tano kwenye droo ile ile. Haihitaji shahidi.

Ndugu na marafiki wanakuja wa pili. Mama mdogo akipanga foleni kwako, mwelekeze kwa mwenzako, hata kama anachonunua ni mkate. Atanuna kidogo, mweleze nyumbani. Kamera haijui kwamba ulimtoza bei sahihi, na ukikosea kitu kimoja kwake, hakuna atakayeamini kuwa ni bahati mbaya.

Vilivyoharibika: maziwa yaliyopasuka, mkate wa jana, tunda lililobonyea. Kuvila au kuondoka navyo bila karatasi iliyosainiwa ni wizi, hata kama vinakwenda jalalani. Wengi hulilalamikia hili kama roho mbaya, lakini duka likiruhusu, wiki ijayo mikate itaanza kubonyea yenyewe.

Lipa namba: mtandao wa duka ukisumbua, usimpe mteja namba yako ya simu ili "utamlipia". Mwite supavaiza, au muamala usimame. Pesa ya mteja ikishaingia kwenye simu yako, maelezo hayaishi.

Risiti: kila mauzo yatolewe risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Hapo ukali si wa kampuni tu, sheria ya kodi nayo inahusika. Mteja akikimbia bila risiti, iache kwenye sanduku lililowekwa kwa ajili hiyo. Usiikusanye mfukoni.

Na kufuta muamala. Kila unapofuta bidhaa iliyokwisha kupigwa, supavaiza aidhinishe kwa namba yake ya siri, si wewe kwa namba yake uliyoikariri. Zamu za jioni supavaiza huchoka, anakwambia "weka tu, namba si unaijua". Kataa kwa upole: "Samahani kaka, naomba uje uweke mwenyewe." Siku ya ukaguzi namba ni yake, ila vidole kwenye kamera ni vyako.

Nyingine ni za kuonywa: sare, kucha, simu mfukoni, kutafuna jojo, kumpa mteja pipi badala ya chenji. Zifuate tu. Usipoteze nguvu kubishania rangi ya soksi.

Picha za kazini ziko katikati. Video fupi kaunta, huku nyuma inaonekana sura ya mteja au namba yake ya simu kwenye skrini, inaweza kuwa kosa la kampuni na pia kugusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kuchukua namba ya mteja kutoka kwenye mfumo ili umsalimie baadaye ni jambo hilo hilo, tena baya zaidi.

Hatua ya 4: Droo yako, kuanzia kufungua hadi kukabidhi

Shoti, yaani pesa inayopungua kwenye droo, ndiyo inayokula mishahara ya watu wa saa chache, kwa sababu hupewa kaunta katikati ya siku, wenzao wakiwa wanatoka, foleni imefika kwenye friji. Haraka hiyo isikuingize kwenye droo isiyo yako.

1. Ingia na pesa zako binafsi zikiwa zimeandikwa kwenye daftari la mlangoni. Ukiwa na shilingi 30,000 za ada ya rafiki mfukoni na hazijaandikwa, ukipekuliwa huwezi kuthibitisha zimetoka wapi. Simu na pochi viache kwenye kabati.
2. Hesabu floti, yaani pesa ya kuanzia zamu, mbele ya anayekukabidhi. Noti kwa noti, sarafu kwa sarafu, hata kama ni 50,000 tu. Saini baada ya kuhesabu.
3. Ingia kwenye mfumo kwa jina lako. Usianze kuuza kwa jina la aliyetoka "mpaka foleni ipungue". Foleni haipungui, na shoti ikitokea haitagawanyika.
4. Noti kubwa iweke juu ya droo mpaka chenji itoke. Mteja akisema alitoa 10,000 na wewe unaona 5,000, noti ipo pale inawasubiri.
5. Pesa zikizidi kiwango kilichowekwa, omba ziondolewe, na chukua karatasi yenye saini ya aliyezichukua.
6. Ukienda msalani au kula, funga droo na utoke kwenye mfumo. Mtu wa kazi mfululizo ya zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya dakika 60. Zamu yenye urefu wa saa 4 haina hiyo kisheria, kwa hiyo kula kabla ya kuja.
7. Mwisho wa zamu hesabu ukiwepo wewe na mpokeaji. Usikubali "nenda tu utawahi daladala, nitahesabu". Kosa daladala.

Jambo hilo la saba ndilo lililotengeneza kesi nyingi nilizoziona. Zamu inafungwa saa 4, gari la mwisho linaondoka, na kijana anaacha droo kwa mtu anayemwamini. Pengine anamwamini sawasawa kabisa. Ila shoti ya 18,000 ikionekana asubuhi, hakuna karatasi inayosema ilitokea kabla au baada ya yeye kuondoka. Ukikubali kazi ya kufunga duka, panga usafiri unaokupa dakika 30 baada ya mlango kufungwa, au omba zamu inayoisha mapema.

Ziada nayo iandikwe. Droo ikizidi kwa shilingi 7,000, usiiweke akiba ya kufidia shoti ya kesho. Mkaguzi akiona droo ya mtu haizidi wala haipungui hata senti mwezi mzima, ndipo anapoanza kuiangalia kwa makini.

Hatua ya 5: Ziba pengo la siku ambazo haupo

Hii ni kazi ya dakika kumi kwa wiki na hakuna atakayekufanyia. Ukifika zamu ya kwanza ya wiki, kabla ya kubadilisha nguo, pita kwenye ubao wa matangazo na upige picha kama inaruhusiwa, au nakili kwenye kijitabu. Kisha mwulize supavaiza swali moja: "Dada, kuna kilichobadilika tangu Jumapili?" Mwulize mbele ya wenzako. Akisema hakuna, andika tarehe na jibu lake.

Kundi la WhatsApp la kazi husaidia, ila lisiwe ndiyo njia pekee. Waandikie HR, idara ya utumishi, ujumbe mmoja tu mwanzoni: kwa kuwa siku zako za kazi ni fulani na fulani, unaomba mabadiliko ya kanuni utumiwe kwa barua pepe au ujumbe. Ujumbe huo una thamani. Kanuni za 2007 zinapouliza kama adhabu kwa kosa la kinidhamu ni ya haki, moja ya vipimo ni kama mfanyakazi aliijua kanuni aliyovunja au ilitarajiwa awe anaijua. Kingine ni kama imekuwa ikitumika kwa watu wote kwa namna ile ile. Mtu aliyeomba kuarifiwa na hakuarifiwa ana la kusema.

Mafunzo mafupi ya katikati ya wiki, ya mfumo mpya au ya zimamoto, yaombe rasmi uyapate siku yako. Ukilazimika kuja siku isiyo yako, saa hizo ni za kazi na zilipwe.

Hatua ya 6: Kuchelewa, kubadilishana zamu, kuugua

Mashine ya vidole haijui foleni ya Ubungo. Ukitoka darasani saa 9 na zamu ni saa 10, umeshachelewa kwa wiki nzima ijayo. Omba mapema zamu yako ianze saa 11 badala ya kuomba msamaha kila siku. Siku ukikwama, piga simu kabla ya muda wa zamu, kisha tuma ujumbe wenye maneno yale yale ili ubaki na alama.

Kubadilishana zamu na mwenzako ni ruhusa ya supavaiza, na iwe ya maandishi. Mwenzako asipotokea, rota (ratiba ya zamu) inaonyesha jina lako. Angalia pia pumziko: kati ya kutoka na kuingia tena zinatakiwa saa 12. Ukifunga saa 4 usiku ukaambiwa ufungue saa 1 asubuhi, zimebaki 9.

Ukiugua, toa taarifa siku hiyo na ulete cheti cha daktari aliyesajiliwa. Likizo ya malipo, ya ugonjwa ikiwemo, kwa kawaida huanza baada ya miezi 6 ya utumishi, kwa hiyo mgeni anaweza kukosa malipo ya siku hizo, ila cheti kinamkinga na tuhuma ya utoro. Kuumia kazini ni habari nyingine: taarifa iandikwe siku ile ile, hata kama ni kidole kimekatwa na kisu cha nyama, kwa sababu fidia ya WCF haingoji miezi 6.

Hatua ya 7: Ukipewa karatasi

Shoti ikitokea, mwajiri hana ruhusa ya kukata tu. Inatakiwa hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie sababu, kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na wewe ukubali makato kwa maandishi. Jumla ya makato isizidi robo ya malipo yako ya fedha. Kwa mwenye 200,000, hiyo ni 50,000. Karatasi ya "nakubali kulipa" ukiletewa saa 4 usiku, mwambie utaisoma na kuijibu kesho. Usisaini, usigombane.

Barua ya kujieleza ijibiwe kwa ufupi na kwa muda: saa ngapi, kaunta ipi, nani alikuwepo, karatasi gani ipo. Huruma za nyumbani ziache kwa ajili ya kuomba adhabu ipunguzwe, si kwenye maelezo. Omba kamera iangaliwe mapema, kabla picha hazijafutwa.

Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, unastahili muda wa kujiandaa, na kanuni zinasema usipungue saa 48. Unaruhusiwa kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Wafanyakazi wa maduka wengi huwa chini ya TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Kikao kikipangwa siku ya mtihani wako, omba kwa maandishi kisogezwe na uambatishe ratiba. Kutokwenda bila neno kunawapa nafasi ya kuendelea bila wewe.

Mwenye chini ya miezi 6 kazini hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na waajiri wakali wanalijua hilo vizuri sana. Miezi hiyo ndiyo ya kuwa mwangalifu kupita kiasi.

Hatua ya 8: Ukiondoka au ukiondolewa

Notisi ni ya maandishi. Mwezi wa kwanza ni siku 7; baada ya hapo ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki. Rudisha sare, funguo na kitambulisho kwa karatasi iliyosainiwa na mpokeaji. Dai saa zilizobaki, likizo uliyojikusanyia, na cheti cha utumishi, hata kama mmeachana vibaya.

Ukiona umeachishwa isivyo haki, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na fomu yake namba 1. Madai ya kuachishwa yapelekwe ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara uliobaki, ndani ya siku 60. Siku hizo hazisubiri mitihani iishe wala meneja aliyeahidi "tutalimaliza ndani". Nenda na mkataba, kitabu cha kanuni, karatasi za droo na kile kijitabu chako cha tarehe.